Mtani wa Nani?

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa mashairi ya mapenzi (najua ndiko unakokwenda, hata mimi huanzia huko huko), nipe nafasi kidogo. Leo nina ugomvi na tembo na kiboko.

Tembo na kiboko wenyewe ni wa katuni. Mimi ndiye niliyewaandika, kwa hiyo ninayo haki ya kuwasema. Siku ya kuonyeshwa kwao nilikwenda kushuhudia, katika darasa la nne la shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa khanga ili giza liingie. Kompyuta mpakato iko juu ya meza ya mwalimu, projekta inamulika ukuta ambao rangi yake ilibanduka kitambo. Watoto walizidi mia, wengine wamekaa sakafuni. Tembo akamwambia kiboko: una mdomo mkubwa, lakini nakupenda. Kiboko akajibu: nawe una masikio makubwa, lakini nakuvumilia. Wakakata keki. Muziki. Mwisho.

Watoto wakapiga makofi kwa sababu mwalimu aliwaambia wapige makofi. Kisha kengele ikagongwa, wakatoka mbio kwenda bombani. Pale bombani kulikuwa na mtoto mwenye kigugumizi, na wenzake wakamwigiza, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaacha zamu yake ya maji akaenda zake. Nilikuwa nimesimama hatua tano tu. Dakika nne za katuni yangu zilikuwa hazijapoa.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali lililonileta kwenye ukurasa huu: hivi sisi vijana tunaojiita waandishi, tunawapa nini watoto wa shule za msingi kupitia hivi vioo vinavyong'aa? Maana vioo vipo, tusidanganyane. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Simu yenye video iko mpaka kwa muuza karanga. Chombo kipo. Kinachotushinda ni cha kutia ndani yake.

Tuanze na neno lenyewe, hilo "uvumilivu" alilolitamka kiboko wangu. Tarehe 16 Novemba 1995 UNESCO ilipitisha azimio juu ya watu wasiofanana kuishi pamoja, na mpaka leo tarehe hiyo huadhimishwa duniani. Azimio lile lilieleza wazi kwamba jambo hilo si huruma ya mkubwa kwa mdogo wala kumkubali mtu shingo upande. Vizuri sana. Sisi tukalichukua tukaliita uvumilivu, tukalipeleka shuleni.

Sasa nikuulize, Mswahili huvumilia nini? Anavumilia njaa. Anavumilia jino. Anavumilia mgao wa umeme na kubanwa mbavu ndani ya daladala la Mbagala. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini nani amewahi kukaa akala mbivu hizo pamoja na jino lililokuwa linamuuma? Ukimwambia mtoto "mvumilie mwenzako", umemwambia kwamba mwenzake ni jino bovu. Mtoto si mjinga. Atavumilia mbele ya mwalimu, na bombani atang'oa.

Sasa nikueleze jinsi tembo na kiboko walivyozaliwa, kwa sababu mwanzoni hawakuwa tembo na kiboko.

Nilipata kibarua cha kuandika katuni fupi kwa ajili ya watoto wa darasa la tatu na la nne. Ofisi iliyonipa kazi siitaji. Walikuwa watu wema, chai yao ilikuwa na maziwa, na mshiko niliupata kwa wakati, jambo ambalo mwandishi yeyote wa Bongo atakwambia ni muujiza. Agizo lao: andika kitu cha kuwafundisha watoto kuishi na watu wasiofanana nao, na kiwe na "utamaduni wetu" ndani yake. Nikafurahi kweli. Nikaandika juu ya utani.

Katika mswada wangu kulikuwa na mtoto wa Kichaga na mtoto wa Kipare, majirani wa ukuta mmoja. Mpare anasema Mchaga akizimia usihangaike na daktari, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Mchaga anajibu kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Wanachekana kutwa. Kisha bibi yake Mpare anafariki. Anayefika wa kwanza na jembe ni baba yake Mchaga. Kaburi linapokamilika, mzee mzima anaingia ndani, analala chali, anasema hatoki mpaka alipwe kuku wake ambaye marehemu alimkopa. Waombolezaji wanalia huku wanacheka. Analipwa shilingi mia tano, anatoka, anajifuta udongo, anashika jeneza. Mtoto wa Kipare anamwuliza babu yake mbona hakuna aliyekasirika. Babu anajibu: "Mtani hakasirikiwi, mjukuu wangu. Kesho na yeye atafiwa."

Nikaupeleka. Baada ya wiki mbili dada mmoja wa pale ofisini akaniita. "Kaka," akasema kwa upole, "hii ni lugha ya chuki. Hatuwezi kutaja makabila. Halafu kaburi, kwa watoto wadogo?" Wakakaa kikao. Kikao kilipokwisha, Mchaga alikuwa tembo, Mpare alikuwa kiboko, na kaburi lilikuwa keki.

Na mimi je? Nilichukua mshiko nikasaini. Ndiyo, nilisaini. Kwa hiyo usidhani nimekaa juu ya mti nawatupia wenzangu mawe.

Labda wewe msomaji umezaliwa mjini na utani unaujua kwa Simba na Yanga tu. "Watani wa jadi," tunaimba kila wanapokutana, bila kujiuliza neno tumelitoa wapi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata 1936. Utani ni mkongwe kuliko mpira. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na misafara kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakipita Uzaramo. Msafiri wa namna hiyo anahitaji maji, chakula, mahali pa kulaza ubavu, na akifa njiani anahitaji wa kumzika. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani mpaka leo. Wangoni nao walipoingia kutoka kusini walipigana na Wahehe, na damu ikamwagika kwelikweli. Wangoni na Wahehe ni watani. Yaani wazee wale, baada ya kuuana, hawakuitana kwenye semina. Walipeana ruhusa ya kutukanana pamoja na wajibu wa kuzikana.

Ruhusa na wajibu, vyote kwa mpigo. Na kanuni zake zinaeleweka hata kwa mtoto wa miaka 8. Ya kwanza ni zamu: nikikutania leo, kesho utanitania, na sina ruhusa ya kununa. Ya pili ni mazishi: ninayemcheka ndiye nitakayembeba. Asiyezika hana haki ya kucheka. Ya tatu ni baraza: utani hufanyika mbele za watu, wazee wakisikia, na anayevuka mpaka hukemewa papo hapo.

Linganisha na tembo na kiboko. Hawana zamu, hawana mazishi, hawana wazee. Wana keki.

Basi nikawa nasimulia mkasa huu wa mswada kijiweni kwetu Temeke, kwa mbwembwe zote, najiona shujaa wa utamaduni aliyeonewa na ofisi. Washikaji wanacheka. Mmoja wao, tuliyesoma naye shule ya msingi, hakucheka. Akaniuliza, "Oya, na yule mwenzetu wa darasa la nne, Dili? Yeye alikuwa mtani wa nani?"

Kijiwe kikanyamaza. Mimi nikanyamaza zaidi.

Ilikuwa mwaka 2008. Darasa letu lilikuwa na mwenzetu mmoja mwenye ualbino. Redio za nyumbani zilileta habari za Kanda ya Ziwa: watu wenye ualbino wanauawa, wanakatwa viungo, kwa sababu matapeli wanaojiita waganga wamewaaminisha watu kwamba viungo vile huleta utajiri. Mwaka huo huo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Wakubwa walikuwa wakizungumza juu ya polisi na sheria. Sisi wa darasa la nne tulichoambulia ni kimoja tu: kwamba mwenzetu ana bei. Tukamwita Dili. Dili kaja. Dili, ukiuzwa usitusahau. Nani alianza? Sikumbuki. Nani alikuwa na sauti kubwa kuliko wote? Hilo nakumbuka. Ni mimi.

Naye alikuwa anacheka. Hicho ndicho kilichotudanganya. Alicheka nasi kila siku, mpaka shule ilipofunguliwa muhula mwingine hakurudi. Mwalimu alisema amehamishwa. Hatukuuliza amehamishiwa wapi.

Tuliita utani. Hebu upime utani ule kwa kanuni za wazee. Zamu? Angetuita nini, sisi ambao hakuna aliyekuwa akituwinda? Baraza? Wakubwa waliotusikia, wengine walicheka pamoja nasi. Na mazishi? Hapa ndipo penye msumari. Unakumbuka ule msemo tuliokua nao, kwamba zeruzeru hafi, anapotea tu? Urudie polepole uusikie. Maana yake hana kaburi. Hakuna wa kuja na jembe, hakuna wa kulala shimoni kudai kuku wake. Na katika miaka ile ya mauaji kuna familia zilizolazimika kumwaga zege juu ya makaburi ya ndugu zao ili wezi wa mifupa wasifukue. Mtu ambaye jamii inaamini hafi, hawezi kuwa mtani wa mtu. Siku hizi hilo neno zeruzeru wenyewe wamelikataa, tunasema mtu mwenye ualbino. Sawa kabisa. Lakini kubadili neno bila kumpa mtu zamu yake ni kubadili soksi bila kunawa miguu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nikajikuta nina kesi mbili. Ya kwanza ni dhidi ya ofisi iliyoogopa utani. Ya pili ni dhidi yangu mimi niliyeusifu utani bila kuona tundu lake: wazee waliwagawia watani Wanyamwezi na Wazaramo, Wachaga na Wapare, babu na mjukuu, shemeji na shemeji. Mtoto mwenye ualbino hawakumgawia mtu. Wala kiziwi. Wala mwenye kigugumizi pale bombani. Wanachekwa na wote na hawana haki juu ya yeyote. Kazi ya mwandishi wa leo ni kuwagawia, na kazi hiyo inawezekana kufanyika kwenye kioo.

Usiniambie hayo yalishapita. Mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao akauawa. Watoto wa shule waliisikia habari hiyo kama sisi tulivyosikia zetu. Katika miaka ya mauaji watoto wengi wenye ualbino walipelekwa kwenye vituo na shule za bweni, kama Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi. Ulinzi ule uliokoa roho, sina neno. Ila tazama upande wa pili. Inakadiriwa kwamba Tanzania kuna mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ukiwakusanya hao wachache mahali pamoja, wapo watoto wengi watakaomaliza darasa la saba bila kukaa hata siku moja dawati moja na mwenzao wa namna hiyo. Watakutana naye wapi kwa mara ya kwanza? Kwenye kioo. Ama habari ya mauaji, ama kichekesho cha kumdhihaki kwenye simu ya kaka, ama kitu tulichokiandika sisi. Ndiyo maana nimekasirika.

Wako waliothubutu. Afrika Kusini, mwaka 2002, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame kilimwingiza Kami, kikaragosi cha kike cha miaka 5 mwenye virusi vya UKIMWI, na jina lake limetoka kwenye neno la Kitswana la kupokea. Hawakumficha ndani ya tembo. Huko Masedonia, mwaka 1999, kilianza kipindi cha Nashe Maalo: watoto wa Kimasedonia, Kialbania, Kituruki na Kiroma wanaishi jengo moja la ghorofa, na jengo lenyewe linaongea. Mapigano yalizuka nchini humo mwaka 2001 hata hivyo, na kipindi kikaendelea mpaka 2004. Hilo la mapigano nalitaja makusudi, mtu asije akanigeuza muuza dawa ya kutibu kila ugonjwa. Kipindi cha watoto hakizuii bunduki. Lakini wale watoto waliitwa kwa makabila yao mbele ya kioo, wakagombana, wakapatana, na mtazamaji mdogo akajua anaongelewa yeye.

Na hapa kwetu? Wazazi wetu wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, sauti ya Debora Mwenda ikisimulia na watoto wa mtaa mzima wametulia tuli. Ubongo Kids inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, ilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014, na watoto wanajifunza hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili. Kwa hiyo asije mtu akaniambia mafundi hatuna. Tunachokosa ni ujasiri wa waandishi.

Sasa nirudi kwenye darasa lile la tembo, maana kuna jambo nililificha. Mule ndani alikuwamo msichana mwenye ualbino. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Wengi wenye ualbino hawaoni vizuri mbali, na mwanga mkali huwaumiza macho. Katuni ya kuwafundisha wenzake kumpokea ilikuwa ukutani kule mbele, na yeye haioni. Alikuwa anasikiliza muziki tu. Mimi, mtunzi, nilimwona akikunja uso, nikadhani amechoka.

Kishikwambi kimoja mikononi mwake kingetosha. Angekisogeza mpaka puani, angekuza picha, angepunguza mwanga. Hiyo ndiyo faida ya hivi vyombo ambayo ubao hauna wala kitabu hakina. Kwa hiyo dai langu la kwanza ni hili: kioo kimfuate mtoto asiyeona, kabla ya kumfuata mgeni rasmi.

Dai la pili: acheni kuwahubiria watoto, wapeni kazi ya kusimulia. Sote tumepita vibanda umiza. Tulikaa kwenye benchi la mbao, mkanda ni wa Kichina au wa Kihindi, na DJ anatutilia Kiswahili juu yake, anawapa mashujaa majina ya mtaani kwetu, na filamu ya Hong Kong inageuka ya Manzese. Huo ni ufundi wetu, hakuna aliyetufundisha. Basi tengenezeni picha zisizo na maneno. Mwalimu azime sauti, amwite mtoto mmoja mbele awe DJ. Leo anasimulia Mzaramo, kesho Mnyamwezi. Leo anasimulia mwenye kigugumizi, kwa kigugumizi chake, na darasa linamsubiri kwa sababu bila yeye hadithi haiendi. Akianza "Paukwa!" darasa zima linaitika "Pakawa!" Hakuna semina inayoweza kumpa mtoto heshima hiyo.

Dai la tatu: zamu. Katika katuni zenu mtoto mwenye ualbino asiwe wa kuhurumiwa tu. Mpeni ulimi. Acheni awatanie wenzake wanaotembea juani saa saba bila kofia halafu wanajidai wajanja. Acheni awe Yanga mkali anayemtia aibu shabiki wa Simba. Mtoto anayemwona akijibu, naye darasa zima likicheka upande wake, amejifunza jambo ambalo kiboko hawezi kumfundisha: kwamba huyu anarudisha.

Dai la nne, mtaliogopa, lakini nalisema: mazishi. Onyesheni msiba. Onyesheni bibi mwenye ualbino aliyezeeka akafa kitandani kwake, akazikwa mchana kweupe, na mtani akalala kaburini kudai kuku wake. Mtoto wa miaka 9 anaujua msiba, ameshakula ubwabwa wa matanga mara nyingi kuliko keki. Ule uongo wa kwamba hawafi utakufa siku watoto watakapoona kaburi lile na kumcheka yule mtani.

Najua mtakayonijibu. Mtasema utani unaleta ukabila, na kwamba mzaha umewahi kuua. Ni kweli, mzaha umewahi kuua. Redio ya RTLM kule Rwanda, ilipoanza Julai 1993, iliwavuta vijana kwa muziki na vichekesho, na mwaka 1994 ikawa inawaita Watutsi mende na kuhimiza wauawe. Sikwepi mfano huo, nauweka mezani mwenyewe. Lakini utazame vizuri: je, Mtutsi alikuwa na kipaza sauti katika redio ile? Alikuwa na zamu? Waliocheka walikusudia kumzika? Mzaha wa upande mmoja ndio ule ule wa "Dili kaja". Utani ndio kinga yake, kwa sababu utani unadai jibu. Ukiwakataza watoto kucheka kabisa, hawaachi. Wanahamia chooni, wanahamia bombani, ambako hakuna mzee wa kukemea.

Mtasema mwalimu ana watoto mia na kumi, hana muda. Ni kweli pia. Ndiyo maana sitaki somo jipya wala kitabu kipya. Nataka dakika kumi za Ijumaa, kishikwambi kilichopo, picha bila sauti, na mtoto mmoja mbele.

Waandishi wenzangu wachanga, tunalalamika kwamba hakuna pa kuchapisha. Tunaandika mashairi ya kuachwa, tunasomeana wenyewe kwa wenyewe, tunapongezana "bomba sana", tunakwenda kulala. Wakati huo huo watoto wa nchi nzima wanatazama tembo. Msisubiri ofisi yenye chai ya maziwa. Andikeni mchezo wa dakika nne, mwombeni mshikaji anayechora achore, upelekeni kwa mwalimu mmoja mnayemjua. Na kabla ya kuandika neno la kwanza, kila mmoja ajiulize lile swali la kijiweni: huyu mtoto ninayemwandika, ni mtani wa nani?

Mimi nimeanza upya. Mswada ule wa Mchaga na Mpare nimeutoa kabatini, na katika ua ule ule nimemwongeza jirani wa tatu, mvulana mwenye ualbino mwenye mdomo kuliko wote wawili. Sijui nani atautengeneza. Safari hii keki sisaini.

Jina halisi la mwenzetu wa darasa la nne ninalikumbuka. Silitaji hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Lakini kama uko hai, ndugu yangu, na gazeti hili likakufikia, jina langu liko chini ya ukurasa na shule unaijua. Mimi nilishacheka zamu yangu, tena nilizidisha. Sasa zamu ni yako. Njoo unitanie mbele za watu. Na siku nitakapokufa, uje na jembe.